Msichana wa Mayai na Mbuzi Mwenye Kofia

Asifiwe Mungu Baba, aliyeumba wenye sauti kubwa na wenye sauti ndogo, na anayewasikia wote sawasawa. Asifiwe kwa mvua anazotuletea huku juu Ufipa, kwa mahindi na ulezi, na kwa kunifikisha umri huu nikiwa na meno machache lakini na kumbukumbu ya kutosha kuzisimulia fadhila zake. Hii ninayoisimulia ni moja ya fadhila hizo, ingawa siku iliponifikia niliipokea nimenuna.

Mjukuu wangu alikuja kukaa nami akiwa na miaka minne. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa mwisho, anafanya biashara mpakani Kasesya. Anauza mchele, sabuni na vitenge, na anasema mwenyewe kwamba mpakani si mahali pa mtoto mdogo, malori yanapita na bodaboda hazitazami nani anavuka. Basi akamleta kwangu Kasense, na mimi nikamshukuru Mungu, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imebaki na kuku tu.

Mtoto yule hakuwa bubu. Tukiwa wawili alizungumza mpaka uji ukapoa. Aliniuliza kama kuku anaota ndoto, kwa nini ukungu hauna harufu, na kama Mungu husikia baridi. Lakini mtu akipiga hodi, hata jirani wa kila siku, alifunga mdomo na kujibanza nyuma ya kitenge changu, akashika pindo kwa mikono miwili. Huwezi kumtoa. Ukimvuta anakuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi.

Kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa hahesabiwi kuwa mwoga. Anahesabiwa kuwa hana adabu, na lawama inakwenda kwa aliyemlea. Nami ni mtu niliyefundisha dini katika kigango chetu kwa miaka mingi. Wengi wa wazazi wanaoniona njiani leo walijifunza kwangu ishara ya msalaba. Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyojisikia siku jumuiya yetu ndogo iliposali kwangu, wakaingia mmoja mmoja, na mjukuu wangu akawatazama wote kimya kutoka nyuma yangu.

"Huyu mtoto shikamoo hana?" aliuliza mama mmoja, jirani yangu, ambaye utani wake haujawahi kupumzika. "Au bibi yake amemfundisha Baba Yetu akasahau shikamoo?"

"Anayo," nilijibu. "Anaitunza."

"Aitunze mpaka lini, dada? Sisi tunazeeka."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini usingizi wangu siku hiyo haukuwa mzuri.

Alipoanza darasa la awali mwalimu wake aliniita. Ni binti mdogo, mpole sana. Alisema mtoto anajua kila kitu, anaumba herufi vizuri kuliko wenzake, ila hazungumzi na mtu. "Mapumziko anasimama ukutani mpaka kengele, bibi. Mwanzoni wenzake walikuwa wanamwita wacheze. Sasa wameacha kumwita."

Neno hilo, kwamba wameacha kumwita, lilikaa nami njia nzima ya kurudi nyumbani. Mimi ni mtu wa kuondoka. Siku nitakapoondoka, huyu mtoto maneno yake yote atampelekea nani? Tangu hapo, kila Jumapili baada ya komunyo, nilisali hivi: Bwana, mpe mtu mmoja. Sikuombi kumi. Mmoja tu wa kuzungumza naye nikiwa sipo. Nilisali kwa unyoofu, na nilidhani najua nilichokuwa nikiomba.

Krismasi ile binti yangu alikuja na mfuko wa mchele uliojaa nusu, lakini haukuwa na mchele. Ulikuwa na vitabu vya watoto, vya picha, vilivyotumika tayari huko vilikotoka. Vingine vilikuwa na alama za vidole vya uji vya watoto tusiowajua.

"Nilivinunua kwa mtu upande wa pili, mama, nichane karatasi za kufungia karanga," alisema. "Nilipoona picha nikashindwa kuchana."

Maneno ya vitabu hivyo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kusoma mifuko ya mbolea. Lakini picha hazina lugha. Mchana wa mvua, mtoto akisharudi kutoka shuleni, tulikaa jikoni karibu na mafiga, maana huku kwetu hata miezi ya mvua baridi inaingia mifupani, tukatandika mkeka na kufungua kitabu.

Mwanzoni nilimfundisha kama nilivyozoea kufundisha dini. Nauliza, anajibu. Huyu ni nani? Anafanya nini? Kwa nini analia? Katekisimu inafundishwa hivyo, swali na jibu, na waliosoma kwangu wanayakumbuka majibu mpaka leo. Mjukuu wangu alininyamazia palepale, mimi bibi yake, akanitazama kama wale wageni wa jumuiya. Nikaacha. Nikaanza kuongea peke yangu, nikisimulia ninachokiona kwenye picha, na macho yangu hayana nguvu, kwa hiyo nilikosea. Nilimwita sungura paka. "Si paka, bibi," alisema. "Tazama masikio." Basi kumbe njia ilikuwa hiyo. Tukitazama kitabu, yeye hanitazami mimi wala mimi simtazami yeye. Sote tunatazama kitu cha tatu, na maneno yanapitia hapo bila kusukumwa.

Kwa kuwa hatukuyaelewa maneno yaliyoandikwa, tuliweka yetu, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kifipa. Kila kitabu kikawa na hadithi iliyojulikana na watu wawili tu duniani. Nakiri nilipenda jambo hilo kuliko vitabu vyenyewe. Nilikaa pale kama mwenye ufunguo wa nyumba.

Kitabu alichokipenda zaidi kilikuwa cha mbuzi mwenye kofia nyekundu. Amesimama peke yake juu ya kilima, na chini wanyama wengine wanacheza ngoma, kondoo, bata, punda, hata mbwa. Kurasa nyingi mbuzi yuko palepale kilimani. Mimi nilimweleza mjukuu wangu kwamba mbuzi anasali, akimaliza atashuka. Alilikubali jibu langu, au nilidhani amelikubali.

Ndipo akaja mtoto wa mayai.

Karibu nasi, pale barabara inapokata kwenda mjini, familia moja ya wafanyabiashara Waislamu ilikuwa imejenga nyumba mpya ya bati la bluu. Wana duka mjini Sumbawanga na lori la kubeba mizigo. Ni watu wazuri, wenye salamu. Siku moja mchana nikasikia sauti kabla sijaona mtu.

"Hodi! Nimetumwa mayai!"

Alikuwa msichana wa miaka saba hivi, meno mawili ya mbele hayapo, mtandio umeteleza mpaka mabegani, ameshika bakuli kichwani kama kofia.

"Shikamoo bibi. Mama amesema mayai kumi, yasiwe ya juzi."

"Marahaba. Mwambie mama yako kuku wangu hawajui juzi."

Alicheka pengo lote likaonekana. Mjukuu wangu alikuwa ameshakimbilia nyuma ya kitenge. Kitabu kilibaki mkekani, kimefunguka penye kilima. Yule mtoto hakusubiri kukaribishwa. Alinipa bakuli, na nikiwa namwekea mayai akachuchumaa.

"He! Mbuzi kavaa kofia! Mbona yuko peke yake?"

"Anasali," nikamwambia.

"Mbuzi hasali, bibi!" Alinihurumia kabisa. "Huyu anaringa. Ana kofia mpya, hataki kucheza na wasio na kofia."

Hapo nikasikia sauti kutoka nyuma yangu, ndogo lakini imesimama sawasawa.

"Haringi. Anaogopa."

Sikusogea. Niliona kama nikigeuka nitaivunja. Yule mtoto wa mayai naye hakugeuka, na mpaka leo sijui kama ni kwa akili au kwa sababu mbuzi alimvutia kuliko sisi. Aliendelea kutazama picha.

"Anaogopa nini? Ngoma?"

"Anaogopa akishuka wataacha kucheza, wamtazame yeye."

"Aaa," akasema mwenzake, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. Akafikiri. "Basi avue kofia. Hawatamjua."

"Akivua atasikia baridi."

"Avae ya bibi yake!"

Na mjukuu wangu akacheka. Nilijua vicheko vyake, nilidhani nilivijua vyote. Hiki sikuwahi kukisikia. Kilitoka tumboni, kikamkohoza, akaachia kitenge changu ili ashike tumbo. Alikwenda kuchuchumaa mkekani upande wa pili wa kitabu, na mimi nikabaki nimesimama na bakuli la mayai kumi.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo ningepaswa kupiga magoti. Kwa miaka miwili nilimwuliza yule mtoto, kwa upole, kwa Kiswahili na kwa Kifipa: unaogopa nini, mama? Hakuniambia. Amekuja mtoto asiye na meno, aliyetumwa mayai, amembeza mbuzi, na ameambiwa. Niliona uso wangu unapata moto. Ulikuwa wivu, sina jina lingine la kuupa, wivu wa kweli wa mwanamke mtu mzima, na niliyemwonea alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye kamasi.

"Mayai yako haya," nikasema. "Mama anasubiri."

Alirudi kesho yake bila kutumwa. Baadaye alitumwa, maana mfungo wao ulikuwa unakaribia na mama yake alikuwa na mapishi mengi, na akitumwa alikaa zaidi kuliko asipotumwa. Sikuwahi kuhesabu mayai kwa haraka namna ile. Nilimfungia vizuri, nikampa mkononi, nikamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Alikwenda hatua mbili, akarudi. "Nimesahau kumwambia kitu." Anamwinamia mjukuu wangu sikioni, na wote wawili wanaanguka kwa kicheko.

Hadithi zangu zilibadilika. Sungura niliyempa mume akawa mjane. Bibi kizee mwenye nguo zilizopeperushwa na upepo, ambaye kwangu alizipata zote kwa sala kwa Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea, akawa anaziuza kwenye mnada. Niliposema, "Lakini si hivyo, yeye alizipata," mjukuu wangu alinitazama kwa huruma ileile ya mwenzake.

"Ile ilikuwa zamani, bibi."

Jirani yangu wa utani alikuja kuazima ungo akawakuta mkekani barazani, vichwa vimegusana. Alisimama akatazama, kisha akaja jikoni kwangu akicheka bila sauti.

"Dada, naona umeletewa mke mwenza."

"Mke mwenza gani? Watoto wanacheza."

"Mbona basi umekaa na moshi wakati mkeka uko nje? Mke mkubwa ndiye hukaa jikoni akinuna." Akachukua ungo wake. "Mpokee mwenzio. Ukimfukuza, mjukuu wako atamfuata huko kwao."

Nilikasirika siku mbili nzima, kwa sababu alisema kweli.

Jumatano ya Majivu ikafika. Padre alituuliza kanisani, kama anavyouliza kila mwaka, ni nini tutakachomtolea Bwana Kwaresima hii, na akatuonya tusimtolee vitu ambavyo hatuna. Nyama mimi naila Krismasi na Pasaka. Pombe sinywi. Sukari niliiacha kwa amri ya daktari, na sikuona vizuri kumpa Mungu kile ambacho daktari ameshakichukua. Nilitembea kurudi nyumbani na majivu kwenye paji la uso, nikafikiri ni kitu gani kitakachoniuma kweli. Nilikijua tangu kanisani. Sikutaka tu kukitaja.

Nikamtolea saa ya vitabu. Nikamwambia Bwana: mpaka Pasaka sitakaa mkekani. Wakae wao wawili. Mimi nitakaa jikoni na kazi zangu. Ilikuwa sadaka ya kweli, na iliniuma kama nilivyotaka. Lakini mtu aliyezoea kufunga huwa na mazoea yake. Ukiacha nyama Jumatano ya Majivu, moyoni unajua Pasaka inakuja na sufuria lake. Chochote unachofunga, unakifunga ukijua siku ya kukifungua. Kwa hiyo nilimtolea Mungu saa ile kama mtu anayeweka gunia kwa jirani. Nilidhani nitakuta lote palepale.

Mfungo wa Waislamu ulikuwa umeshaanza na ukaenda sambamba na wetu wiki kadhaa. Mtoto wa mayai alijaribu kufunga akashindwa saa nne, akajaribu tena akashindwa saa sita. Alikuja kutangaza ushindi wake kila siku. "Bibi, leo nimefika adhuhuri!" Mimi nikamwambia nami nimefunga. "Nini? Chakula?" Nikajibu kuna mifungo mingine. Akanitazama kwa makini. "Basi ndiyo maana unanuna. Mama naye hununa saa tisa."

Nikiwa jikoni nachambua maharage, niliwasikia bila kutaka, na baada ya siku chache nikawa nawasikia kwa kutaka. Niliona mambo ambayo mkekani nisingeyaona. Mwanzoni yule mwenye pengo alifungua kurasa mbio kama anayetafuta hela iliyopotea ndani ya kitabu. Mjukuu wangu hakumwambia polepole. Aliweka tu kiganja chake juu ya ukurasa, akakiacha hapo mpaka akashiba kutazama. Mwenzake alijifunza kungoja hicho kiganja. Mtoto ambaye hakuweza kungoja jua lizame alikaa kimya, akitazama kiganja cha mwenzake. Na siku nyingine hawakusema lolote kabisa. Walikaa mgongo kwa mgongo, kila mmoja na kitabu chake, mvua ikipiga bati, na nilipochungulia kuona kama wamegombana, niliona wanatingishana kidogo mabega, ndiyo mazungumzo hayo.

Niliwaonea wivu kwa hilo kuliko kwa vicheko. Miaka yote nilidhani mjukuu wangu ananyamaza kwa sababu hana wa kusema naye. Kumbe alihitaji pia mtu wa kunyamaza naye, na mimi sikuwa mtu huyo, kwa sababu mimi, kama unavyoona, nasema sana.

Idi ikaja kabla ya Pasaka yetu. Siku moja kabla, mama yake yule mtoto alikuja mwenyewe, amejifunga khanga vizuri, akaniamkia na kuniomba.

"Mama, tunaomba mjukuu kesho aje kwetu kula sikukuu. Huyu wangu hajalala kwa jambo hilo."

Nikamgeukia mjukuu wangu nikitegemea ajibanze. Nasema kweli, nikitegemea. Hakujibanza. Alishika mlango.

"Hazungumzi na wageni," nikamwambia yule mama. "Msije mkadhani ana kiburi."

"Nyumbani kwangu kuna wasemaji wengi mno," alisema. "Asiyesema tunamtafuta."

Asubuhi ya Idi nilimvalisha gauni la kanisani. Alikuja na kitabu cha mbuzi kifuani. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti la nyumba ya bati la bluu, nikamwambia nitamsubiri hapo nje kidogo, kama akiogopa arudi. Alifikiri. "Nenda tu nyumbani, bibi. Kuku hawajala."

Kuku walikuwa wameshakula. Yeye ndiye aliyewalisha.

Nilirudi nikafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Kila mtu aliyepita njiani nilimwona kama anamrudisha mtoto analia. Saa zikapita. Alirudi alasiri, mikono ina hina, na yule mama nyuma yake amebeba sahani ya pilau imefunikwa na nyingine. Yule mama alikaa kwenye kigoda changu akaanza kucheka kabla hajasimulia.

"Mama, wewe ulisema hazungumzi. Aliingia, akasimama mbele ya mama mkwe wangu, ambaye hata mimi namwogopa. Kimya. Bibi anamtazama, yeye anatazama chini. Mimi nikasema moyoni, leo kazi ipo. Mara akainua kile kitabu, akajifunika uso wote, tunaona mbuzi tu. Nyuma ya kitabu ikatoka sauti: mbuzi anasema shikamoo."

"Na bibi?" nikauliza.

"Bibi akaitikia: marahaba, mbuzi, karibu, mbona umevaa kofia ndani ya nyumba? Basi huyu akashusha kitabu akasema, samahani, anasikia baridi. Wakakaa pamoja mpaka chakula. Hata sasa bibi anauliza mbuzi atarudi lini."

Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Shikamoo ambayo nilikuwa nikiililia kanisani, iliyonitia aibu mbele ya jumuiya nzima, ameipeleka nyumba ya watu, kwa mwanamke mwingine mzee, na ameitoa kwa hiari. Nilijua sasa wapinzani wangu ni wawili. Pilau lilikuwa zuri sana. Nililila nikishukuru na kulaumu kwa kijiko kimoja.

Ijumaa Kuu ilipita, na mkesha wa Pasaka, na tulipowasha mishumaa nikaimba kwa sauti kubwa hata jirani yangu akageuka kunitazama. Hakujua kwamba pamoja na ufufuko wa Bwana nilikuwa nikishangilia jambo langu dogo. Binti yangu alikuwa ametuma kitabu kipya kwa dereva wa lori, nami nilikificha ndani ya sanduku la vitenge bila kukifungua, kwa ajili ya siku hii.

Jumapili baada ya Misa na chakula nilitandika mkeka nje, maana jua lilikuwa limetoka. Nikaosha mikono. Nikakaa mahali pangu, nikakiweka kitabu mapajani, nikamwita mjukuu wangu. Alikuja. Nyuma yake alikuja mtoto wa mayai, jino moja jipya limeanza kuchungulia, na nyuma ya huyo walikuja wasichana wawili wa darasa la mjukuu wangu ambao sikuwajua. Nilishtuka. Mjukuu wangu alikuwa amewaleta, na hakuna aliyeshika kitenge cha mtu.

"Shikamoo bibi," wakasema wageni. Mjukuu wangu aliwatazama wakiniamkia, kama mwenyeji anayehakikisha wageni wake wana adabu.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Kulikuwa na mto na mashua. "Hapo zamani," nikaanza.

"Bibi, subiri kwanza," alisema mjukuu wangu. Hakusema kwa ubaya. Alinyoosha mikono yake miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa, akakichukua kitabu mapajani mwangu. "Wewe kaa pale. Hapo ni kwa anayesoma."

Pale alipoonyesha palikuwa pembeni, karibu na wale wageni wawili. Nilisogea. Magoti yangu yalilia, na wale wasichana walinipisha vizuri. Alikaa mahali pangu, mwenzake mkono wa kuume, akaanza kutazama picha. Aliweka kiganja juu ya ukurasa. Mmoja wa wageni akataka kuuliza, na mtoto wa mayai, yeye ambaye hakuweza kungoja chochote, aliinua kidole: "Ngoja. Bado anatazama."

Kisha mjukuu wangu akasoma kitabu kisichosomeka, kwa sauti yake ndogo, mbele ya watu wanne. Sitasimulia hadithi yake. Ni yake. Haikuwa na sala ndani yake na mto ulikuwa na mambo mengi ambayo mimi nisingeyaruhusu. Walipofika katikati yule mwenye jino jipya akasema kwao kuna picha nyingine ya mashua, ya mjomba wake wa Kipili kule ziwani, waende wakalinganishe. Wote wakasimama kwa pamoja. Mjukuu wangu alikishika kitabu kwa mkono mmoja na mkono wa mwenzake kwa mwingine, akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia na watu. Walikata kona penye mahindi, na hakugeuka nyuma.

Nilibaki mkekani peke yangu siku ya Pasaka. Sadaka yangu haikurudishwa. Nilimngoja Bwana aniletee sufuria lake na kumbe alikwisha kulipeleka kwa wenye njaa. Nikamwambia, kwa sababu nimezeeka naye na hatufichani: nilikuomba mtu mmoja wa kumpa maneno yake nikiwa sipo. Ulimpa. Sikujua ungempa nikiwa bado nipo, nikitazama.

Wivu haukuisha siku hiyo, wala haujaisha. Ninaposikia hodi ya mayai bado kuna kitu kinanichoma hapa, na nimekwisha kukizoea kama goti la baridi. Lakini usiku wa Pasaka nililala usingizi mzuri. Yule mtoto ana pa kupeleka maneno yake, na ana wa kukaa naye asipokuwa nayo.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki. Kama una mtoto mkimya nyumbani, Bwana amletee mwenzake kwa njia ambayo hukuitazamia, hata kama anakuja amevaa bakuli kichwani. Na ikiwa ni wewe utakayeambiwa usogee pembeni, akupe magoti ya kusogea na moyo wa kukaa hapo usikilize. Amina.